Kijani cha mashine ya alaimenti kisikudanganye: kemba, kasta na tou kwa gari zetu

#1 Usukani_Katikati

Wakuu, habari za jioni.

Humu hakosekani mtu wa kuuliza: "Nimetoka kupiga alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) juzi, karatasi yote kijani, mbona gari bado linavuta kushoto?" Na majibu hayabadiliki: badilisha tairi, badilisha tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu), hama fundi. Nimeona tufungue uzi mmoja tuongee kwa namba. Sina gereji wala siuzi vipuri. Nimekaa chini ya magari muda mrefu tu, na vitabu vya ufundi nimevisoma.

Naanza na tou kwa sababu ndiyo inayokula pesa. Tazama gari kutoka juu. Kama magurudumu mawili ya mbele yamekaribiana upande wa mbele, hiyo ni toini. Yakiachana, ni toauti. Chukua rimu ya inchi 15 yenye toini ya jumla ya mm 3, yaani mm 1.5 kila upande. Inaonekana kitu kidogo. Lakini rimu hiyo ina kipenyo cha mm 381, kwa hiyo kila gurudumu linapokwenda mbele kilomita moja, linaburutwa kiubavu karibu mita 4. Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 190: tairi lako limesuguliwa kiubavu mita 750 hivi, na hujakata kona hata moja. Halafu unalaumu tairi za Kichina.

Ushahidi uko kwenye tairi lenyewe. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi la mbele, kutoka nje kuja ndani, halafu urudi. Ukienda ndani ni laini na ukirudi nje panakwaruza, una toini ya kupita kiasi. Ikiwa kinyume chake, una toauti. Kiganja kitahisi kabla jicho halijaona, na tairi linakuwa bado na maisha.

Kemba ni gurudumu kulala ukilitazama kwa mbele. Kichwa cha gurudumu kikiingia ndani ni kemba hasi, kikitoka nje ni chanya. Gari nyingi za familia zinatoka kiwandani na kemba kati ya sifuri na nyuzi (digrii) hasi 1 mbele. Kemba ikizidi inakula bega moja la tairi, lakini polepole kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi kemba inasingiziwa kazi iliyofanywa na tou.

Kasta ndiyo watu hawaigusi kabisa. Tazama gari kwa ubavu: ule mstari ambao gurudumu linauzunguka unapokata usukani haujasimama wima, kichwa chake kimelala kuelekea nyuma, vilevile uma wa baiskeli ulivyolala. Huo mlalo ndio unaorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona, na ndio unaoliweka gari kwenye mstari ukiwa kasi. Wengi mmeona Benzi W124 imeegeshwa usukani umekatwa mwisho, magurudumu ya mbele yamelala kama yamevunjika. Hayajavunjika. Ile gari ina kasta ya nyuzi kama 10, na kasta kubwa hulaza gurudumu linapokatwa. Ndiyo maana inatulia barabarani vile.

Sasa kijani. Mashine inalinganisha namba ya gari lako na kiwango cha kiwanda, na kiwango kina upana; namba ikiwa ndani yake, rangi ni kijani. Tuseme kemba inaruhusiwa kuanzia nyuzi hasi 1 na dakika 15 hadi chanya dakika 15 (dakika 60 ni nyuzi moja). Gurudumu lako la kushoto liko chanya dakika 10, la kulia hasi 1 na dakika 5. Yote kijani! Lakini tofauti ya pande mbili ni nyuzi 1 na dakika 15, na gari huvuta kuelekea upande wenye kemba iliyo chanya zaidi. Hapo litakwenda kushoto mpaka uchoke mkono. Watengenezaji wengi huweka pia kikomo cha tofauti kati ya kushoto na kulia, mara nyingi dakika 30 hadi 45. Namba hiyo si kila mashine inaionyesha kwa rangi, na fundi mwenye haraka hatakwambia.

Kwa kasta ni hivyohivyo, ila gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo.

Basi unapotoka pale, usiulize "iko sawa?" Omba karatasi ya kabla na ya baada, soma kushoto dhidi ya kulia, mbele na nyuma. Leteni karatasi zenu hapa tuzisome.

#2 kanyagaTaratibu

Naweka kiti mbele kabisa.

#3 Mzee wa Chini

Umeongea vizuri kijana, lakini umeanzia katikati. Mimi kazi hii ya vitu vya chini nimeifanya pale Gerezani, Dar, tangu gari nyingi mjini ni Peugeot 504. Mteja anakuja: "Piga alaimenti." Nainua gari, nashika gurudumu kushoto na kulia, natikisa: tairodi inacheza. Nashika juu na chini: boljointi inacheza. Namwambia. Anajibu, "We piga tu, hivyo vingine mwisho wa mwezi."

Sasa unapimaje kitu kinachocheza? Leo kinaonyesha mm 1, ukipita tuta kinakuwa mm 4. Hiyo karatasi umenunua urembo.

Bushi (mpira wa kiungo) ya nyuma ya wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, ndiyo mwizi mkubwa kuliko wote. Ikichanika, gari likisimama liko sawa, mashine inasema sawa. Ukikanyaga breki, wishiboni inarudi nyuma, kasta ya upande huo inapungua, gari linaruka pembeni. Mtu anabadilisha breki mara mbili tatu, ugonjwa uko palepale. Kuipima: mtu akae ndani, gari limewashwa, asogeze mbele na nyuma kidogo akikanyaga breki kwa nguvu. Wewe chuchumaa utazame gurudumu ndani ya upinde wa bodi. Likisogea mbele na nyuma, bushi imekwisha.

Na msitulaumu mafundi kwa kila kitu. Bei mnayolipa ni ya tou ya mbele peke yake. Kupima kasta inataka sahani za kuzungusha magurudumu nyuzi 20 kushoto na 20 kulia. Mahali ambapo hazipo, hiyo kasta kwenye karatasi imetoka wapi?

#4 Usukani_Katikati

Mzee wa Chini, shikamoo. Hapo umenisaidia. Niongeze tu utaratibu: kwanza upepo wa tairi, halafu vitu vinavyocheza, halafu magurudumu ya nyuma, kisha kasta, kisha kemba, na tou ya mbele mwisho kabisa. Ukigusa kemba baada ya tou, tou imeshahama.

Nyuma kabla ya mbele kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Yakiwa yametazama kulia kidogo, itabidi ushike usukani umepinda ili uende moja kwa moja. Fundi anayegusa mbele tu atanyoosha usukani, lakini gari litaendelea kutembea upande upande kama kaa. Mfuate mtu wa namna hiyo barabara ya Chalinze utaona taa zake zote za ubavu mmoja.

#5 Probox ya Nakuru

Boss, asante kwa hii. Mimi niko Nakuru, nina Probox ya kubeba mboga. Nyuma ilikuwa inalala na mzigo, makenika akaniwekea springi ngumu na vipande vya kuinua, nyuma ikapanda kama inchi mbili. Sasa nikiwa bila mzigo, kwa highway ya Naivasha usukani ni mwepesi, gari inatangatanga, inataka niishike kila saa. Alaimenti wamefanya, wanasema iko sawa. Shida ni nini?

#6 Usukani_Katikati

Probox yako ina sentimita 255 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukiinua nyuma sentimita 5, gari zima limeinamia mbele kwa nyuzi 1.1 hivi. Mlalo wa kasta nao umesimama kwa kiasi hichohicho. Gari dogo lililotoka kiwandani na kasta ya nyuzi 3, umeshapunguza zaidi ya theluthi. Hakuna kilichoharibika, na tou inaweza kuwa sawa kabisa. Umepoteza ile nguvu ya kurudisha usukani.

Ukipakia mzigo nyuma inashuka, kasta inarudi, na gari linatulia. Ndivyo?

#7 Probox ya Nakuru

Kabisa! Na magunia iko poa. Nilidhani ni uzito.

#8 Usukani_Katikati

Uzito unachangia, lakini pembe ndiyo kubwa. Una njia mbili: punguza kile kimo cha nyuma, au inua na mbele kiasi. Kwenye Probox kasta haina mahali pa kurekebishwa. Mimi ningetoa vipande nibaki na springi ngumu tu.

#9 Rimu Kumi na Nane

Kutafuta kijani kwa mashine ya laser halafu Mzee wa Chini anatuambia tuchuchumae. Sawa. Swali langu: nina Altezza nimeishusha, kemba mbele iko hasi 2. Kila fundi ananiambia tairi zitakwisha kwa mwezi. Tairi zangu zina muda na ziko vizuri. Nani mwongo?

#10 Mkono wa Mafuta

Hakuna mwongo, ila wao wanaona gari zilizoshushwa bila kupimwa tou tena. Ukishusha gari, mikono ya chini inabadilisha pembe, na tairodi nayo inabadilisha pembe yake, kwa hiyo tou inahama yenyewe. Mtu anaona bega la ndani limelika anasema kemba. Kumbe ni kemba hasi ikisaidiana na toauti: uzito wote uko bega la ndani, halafu bega hilohilo linaburutwa. Ukirudisha tou karibu na sifuri, hasi 2 inavumilika kwa mtu anayekata kona kwa kasi. Kwa mtu wa foleni ya Mandela Road kila siku, anatupa mpira bure.

Una bahati kwamba Altezza mbele ina mikono miwili, juu na chini. Gurudumu likipanda, mkono wa juu unalivuta ndani, kemba inaongezeka kwa mpangilio. Wenye Macpherson, yaani shokapu inayochukua nafasi ya mkono wa juu, ndio wanaojidanganya. Mfumo wa Earle MacPherson ulipendwa kwa sababu ni rahisi na hauli nafasi, lakini ukishusha gari mpaka wishiboni inapita usawa wa sakafu na kuanza kutazama juu, gari likilala kwenye kona gurudumu linaacha kupata kemba hasi na linaanza kuipoteza. Isitoshe kile kitovu ambacho bodi inakizungukia kinashuka haraka kuliko bodi yenyewe. Umeshusha gari ili lisilale, sasa linataka kulala zaidi, unaongeza springi ngumu kuficha.

#11 Rimu Kumi na Nane

Hapo kwenye Macpherson umewagusa jamaa wa Impreza, subiri waje.

#12 Forester Mgongoni

Wamefika. Ila mimi niko upande wa pili, sijashusha, nimenyanyua. Forester SG5, vipande vya sentimita 4 juu ya shokapu zote nne, tairi kubwa kidogo, kwa sababu kwangu Mbulu mvua ikinyesha gari fupi halifiki. Tangu ninyanyue tairi za mbele zinaliwa bega la nje, na tairi ya nyuma ipo karibu sana na bodi upande wa mbele wa upinde. Naanzia wapi?

#13 Mkono wa Mafuta

Mkuu, hiyo nyuma ni kawaida ya Subaru zilizonyanyuliwa. Gurudumu la nyuma linashikwa na mkono unaokwenda mbele mpaka kwenye bodi. Ukiliteremsha gurudumu kuliko bodi, mkono ule unazunguka kwenye bushi yake na kulivuta gurudumu mbele. Watu huweka kipande kati ya bodi na kishikio cha mkono huo ili kulirudisha nyuma. Chuma, tafadhali, si ubao. Nimeona ubao.

Mbele: ukinyanyua, wishiboni zinaning'inia zaidi, kichwa cha gurudumu kinatoka nje, kemba inakwenda chanya. Bega la nje ndilo linalobeba. Tazama boliti mbili zinazoshika shokapu na nako (kipande kinachobeba gurudumu). Ile ya juu ni boliti ya kamu, ina alama kichwani. Legeza nati zote mbili, zungusha ile ya juu, kemba inahama. Boliti hizo zinakazwa kwa nguvu kubwa sana, usikaze kwa kukisia kwa spana fupi, na usikaze gari likiwa linaning'inia ukadhani umemaliza. Lishushe, lisukume mbele na nyuma, likae, ndipo upime.

Nyuma, tou ina boliti yake ya kamu kwenye mkono wa chini, upande wa ndani. Kemba ya nyuma kiwandani hawakuweka pa kurekebisha. Kama boliti ya tou imeshikwa na kutu, usiipige nyundo: mafuta ya kulegeza siku moja kabla, na ikikataa, ikatwe ununue mpya pamoja na bushi.

#14 Forester Mgongoni

Nashukuru sana. Huku mashine ya karibu iko Arusha. Naweza kupima mwenyewe nyumbani?

#15 Mkono wa Mafuta

Unaweza, na ukiwa mvumilivu tou yako itakuwa bora kuliko ya fundi mwenye foleni ya magari kumi. Nikueleze ninavyofanya.

Tafuta sakafu tambarare. Mpira wa maji wa mafundi ujenzi unatosha kukuonyesha kama magurudumu manne yako usawa mmoja. Penye kushuka, weka vipande vya vigae. Jaza upepo sawa. Vitu unavyobeba kila siku viache ndani, na kama huwa unaendesha peke yako, weka mfuko wa saruji kwenye kiti cha dereva. Chini ya kila tairi la mbele weka bati mbili nyembamba zenye grisi katikati, ili gurudumu liteleze liende linakotaka. Bila hivyo mpira wa tairi unashika sakafu na unakupa namba ya uongo. Nyoosha usukani, ufunge kwa kamba kwenye kiti.

Sasa funga nyuzi mbili ndefu, moja kila ubavu wa gari, kimo cha katikati ya gurudumu, zikivutwa kati ya ndoo za mchanga mbele na nyuma ya gari. Uzi wa kuvulia samaki ni mzuri, haulegei. Kazi yote iko hapa: pima kutoka uzi hadi katikati ya gurudumu la mbele kushoto na la mbele kulia, lazima zilingane. Kisha nyuma kushoto na nyuma kulia, zilingane zenyewe kwa zenyewe. Mbele na nyuma si lazima zilingane, kwa sababu umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia unatofautiana mbele na nyuma kwenye gari nyingi. Kama nyuma ni nyembamba kwa mm 10, basi umbali wa nyuma utakuwa mkubwa kwa mm 5 kila upande. Ukikosea hapa kila kitu kitakuwa makosa, kwa hiyo rudia mpaka uridhike.

Nyuzi zikishakaa, pima kwa rula ya chuma kutoka uzi hadi ukingo wa rimu upande wa mbele, halafu ukingo wa nyuma wa rimu hiyohiyo. Mbele pakiwa mbali na uzi kuliko nyuma, hiyo ni toini, na tofauti yake ndiyo tou ya gurudumu hilo kwa milimita. Rimu zetu nyingi zimepindishwa na mashimo ya barabara, kwa hiyo sogeza gari nusu mzunguko wa gurudumu, pima tena, chukua wastani.

Kurekebisha: legeza nati ya tairodi, zungusha. Kwenye gari nyingi ndogo robo mzunguko hubadili karibu mm 1 kwenye rimu ya inchi 15. Pande zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo usukani utapinda.

Kemba ni rahisi zaidi. Ning'iniza timazi mbele ya rimu, pima umbali kutoka uzi hadi ukingo wa juu na ukingo wa chini wa rimu. Kama kutoka ukingo hadi ukingo ni sentimita 40, kila mm 7 za tofauti ni nyuzi 1. Simu yenye programu ya kupima mlalo pia inafaa, ukiiegemeza kwenye kipande cha alumini kilichonyooka kinachogusa rimu juu na chini.

Na kasta kwa anayeipenda kazi: kata gurudumu nyuzi 20 upande mmoja usome kemba, kata nyuzi 20 upande wa pili usome tena. Tofauti ya kemba mbili zidisha kwa 1.46. Hiyo ndiyo kasta, kwa ukaribu unaotosha.

#16 kanyagaTaratibu

Mfuko wa saruji unikalie kwenye kiti cha ngozi? Mke wangu atapiga alaimenti yangu.

#17 Mzee wa Chini

Njia ya uzi ni halali. Zamani tulikuwa hatuna nyingine. Ila mimi gari la barabara za vumbi sikuachii tou sifuri. Naweka toini mm 2 mbele. Bushi zetu zimechoka, likitembea magurudumu yanasukumwa yanafunguka, toini inaliwa na ule ulegevu inabaki karibu na sifuri. Ukianzia sifuri, ukiwa mwendoni uko toauti, gari linasaka mashimo lenyewe.

#18 Usukani_Katikati

Mzee, kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma nakubaliana nawe: ya mbele yanasukumwa na barabara yanafunguka nje. Lakini linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama IST, ukikanyaga mafuta yale magurudumu yanajivuta ndani, na ukiwa na toini ya mm 2 umeongeza toini juu ya toini. Ndiyo maana nyingi za namna hiyo kiwango chake ni sifuri au karibu yake. Mimi ningebadilisha bushi kwanza halafu nifuate kitabu cha gari.

#19 Mzee wa Chini

Kitabu kimeandikwa kwa lami ya Japani. Endelea.

#20 Ziwa Tanganyika

Ndugu zangu, mimi niko Bujumbura. Huku tunaendesha upande wa kulia, lakini gari nyingi zimetoka Japani, usukani wake uko kulia. Nililoliona ni hili: barabara zinachongwa zimeinuka katikati ili maji yashuke pembeni. Kwenu Tanzania na Kenya mnaendesha kushoto, kwa hiyo mnateremkia kushoto, gari inavutwa kushoto kidogo. Kuna mafundi wa nchi za kushoto wanaoweka tofauti ndogo ya kemba au kasta kati ya pande mbili ili kupinga mteremko huo. Gari ile ikija huku, ule mpango unageuka: barabara inateremka kulia na gari nayo imepangwa kwenda kulia. Tumewahi kutafuta ugonjwa wa usukani kwenye gari ambayo haikuwa mgonjwa. Tulisawazisha pande mbili, ikatulia.

Taa zake ni habari nyingine, zinapiga macho ya anayekuja kwa sababu zimetengenezwa kumulika juu zaidi upande wa kushoto.

#21 Usukani_Katikati

Ziwa Tanganyika, hii nilikuwa sijaiwaza kwa upande wenu kabisa. Asante.

Ndiyo maana pia kabla ya kusema gari linavuta, tafuta uwanja mpana ulio sawa, au barabara tupu ambayo unaweza kupita upande wa pili wa mgongo wake kwa usalama. Likivuta kushoto ukiwa kushoto na kulia ukiwa kulia, ni barabara.

#22 Mama Passo

Jamani na sisi wa gari ndogo? Passo yangu, fundi amesema tou ya nyuma iko nje kidogo na "haitengenezeki". Amenidanganya?

#23 Mkono wa Mafuta

Hajakudanganya sana, dada. Nyuma ya Passo, Vitz na IST ni boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, haina boliti ya kurekebisha. Tou ikiwa nje, kuna sababu: boriti imepinda kwa shimo au kwa ajali, bushi zake zimekufa, au nako imepinda. Kuna vipande vyembamba vya kuweka nyuma ya nako ili kuigeuza kidogo, lakini kwanza aangalie bushi. Nyuma ikiwa na toauti usiipuuze. Ukifunga breki ghafla kwenye mvua, mkia ndio unaotaka kupita mbele.

#24 Forester Mgongoni

Nimerudi. Nimepima kwa uzi kama alivyosema Mkono wa Mafuta. Mbele kushoto toini mm 3, kulia toini mm 2.5. Kemba kushoto chanya nusu, kulia chanya robo. Nyuma karibu sifuri pande zote.

#25 Mkono wa Mafuta

Bega la nje limeshajieleza: kemba chanya na toini ya mm 5.5 kwa jumla. Leta kemba za mbele zote mbili kati ya sifuri na hasi nusu, pande zilingane, kisha tou shusha hadi sifuri au mm 1 ya jumla. Nyuma ongeza toini mm 1 kila upande.

Halafu jambo moja ambalo mashine ya Arusha isingekuonyesha. Ukishanyanyua, tairodi zako zinateremka kwa pembe kali kuliko wishiboni. Gari likipanda na kushuka, tairodi na wishiboni havichori upinde mmoja tena, na gurudumu linajikata lenyewe bila wewe kushika usukani. Jaribu hivi: tou ikiwa imekaa, pakia watu wanne, pima tena. Tou ikihama milimita kadhaa kwa uzito huo tu, vipande vya sentimita 4 vimekuwa virefu kuliko gari linavyotaka.

#26 Forester Mgongoni

Nikikuta imehama?

#27 Mkono wa Mafuta

Punguza hadi sentimita 2.5, na kimo kilichobaki kitafute kwenye tairi kama zinaingia bila kugusa. Hata zile jointi za shafu zako zitakushukuru, maana pembe zake nazo zimekuwa kali.

#28 Benki ya Lami

Wakuu nimechelewa. Gari langu lina VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza), baada ya alaimenti taa ya VSC imewaka na usukani umenyooka kabisa. Nirudi kwa fundi?

#29 Usukani_Katikati

Rudi. Huenda alichomoa usukani akaurudisha umenyooka badala ya kurekebisha tairodi. Kihisi cha pembe ya usukani sasa kinadhani unakata kona wakati unakwenda moja kwa moja. Akamilishe kwa tairodi, kisha aweke upya sifuri ya kihisi kwa kompyuta ya gari. Hadi hapo usitegemee VSC kwenye utelezi.

#30 Rimu Kumi na Nane

Swali la mwisho kutoka kwa mshusha gari. Namba zangu zote safi, kushoto na kulia tofauti dakika 10, na bado linavuta kulia kidogo kwenye uwanja ulio sawa.

#31 Mzee wa Chini

Badilishana tairi mbili za mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, kama si za mwelekeo mmoja. Likianza kuvuta kushoto, ugonjwa uko kwenye tairi, nyuzi zake za ndani zimekaa vibaya tangu kiwandani. Likiendelea kuvuta kulia, inua gurudumu la kulia ulizungushe kwa mkono usikie kama breki inashika.